Mashine ya Ruthu na Uso wa Bibi Harusi

Jumanne, 3 Juni 2025

Wifi Paulina kaja leo saluni kwa Ruthu. Hodi hakupiga. Kasukuma pazia kana kwamba fremu ya duka ni yake, akasimama na mkoba mkononi, akatazama kuta, akatazama dari, mwisho akanitazama mimi nilivyokaa kwenye benchi. Nikasema karibu wifi. Akasema: eh, na wewe siku hizi umeajiriwa hapa?

Kuajiriwa! Mimi ni mama wa mwenye saluni. Nakaa ninapotaka.

Niseme humu daftarini, maana humu hakuna wa kunikatiza. Mtaa mzima wa Nkuhungu hakuna mtoto kama Ruthu. Mimi niliishia la saba pale kijijini kwetu Zuzu, baba yake vilevile, na huyu katoka kwetu sisi sisi akaenda Dar kusomea ngozi, akarudi na cheti chenye muhuri na ile mashine. Mashine yenyewe kisanduku tu, hakizidi redio. Ila ina mkono, na kwenye mkono unachomekwa mrija wa kioo, umeme ukipita ndani kile kioo kinawaka rangi. Kinalia kama nyuki ndani ya chupa. Na harufu yake! Kama hewa baada ya radi kupiga karibu.

Watu wanadhani ni kuchomeka na kupitisha usoni. Thubutu! Ruthu kwanza anaosha uso, anaukausha, anaushika kwa vidole, anaumulika na taa. Ndipo anasema huu wa mafuta, huu mkavu, huu umechanganya – paji na pua mafuta, mashavu makavu – na huu mwepesi wa kuwashwa. Kila uso na njia yake. Wenye mafuta na chunusi anauwekea mrija wa zambarau, anautembeza polepole juu ya kitambaa chembamba, na kwenye chunusi yenyewe anauinua kidogo tu, cheche inaruka – tii! – chunusi inanywea. Mkavu hafanyiwi hivyo, na upepo huu wa Juni angepasuka kama udongo wa jaruba la mpunga lililokauka. Mkavu anaushika mrija mwenyewe mkononi, halafu Ruthu anamkanda uso na krimu, umeme unapita kwa mteja mpaka kwenye ncha za vidole vya mwanangu. Nilipoona mara ya kwanza nilipiga yowe! Na ngozi nyepesi, au ya umri kama yangu, mrija wa rangi ya chungwa, muda mfupi, basi.

Na kabla ya yote anauliza. Umevaa hereni, mkufu? Vua. Umepaka kitu chenye spiriti? Una ugonjwa wa moyo, umewekewa kifaa kifuani? Una kifafa? Una mimba? Ukiwa na kimojawapo katika hayo ya mwisho haguswi mtu, hata awe nani. Nayajua yote kwa kichwa. Nikiwa pale kwenye benchi nayasema moyoni kabla yake.

Sasa huyu Wifi. Penina wake anaolewa. Sendofu, sherehe ya kumuaga, tarehe 14, ndoa tarehe 21. Anataka Ruthu aende kwake mtaa wa Kisasa Jumamosi na mashine, awafanye wapambe wote pamoja na Penina. Lakini anavyoomba! Eti: nimeona nimpe mtoto wa kaka yangu nafasi, ingawa wataalamu wapo wengi.

Nafasi! Mtu anaomba kazi ifanywe halafu anasema anatoa nafasi.

Ruthu akasema sawa shangazi, ahsante shangazi. Mimi nikageukia mirija, nikaihesabu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimewaambia watu. Kwa nini nisiwaambie? Leo kwenye mashine ya kusaga nimewaambia wote waliokuwa kwenye foleni kwamba Jumamosi mwanangu anakwenda kufanya nyuso za harusi kubwa Kisasa, na nikawaeleza mirija yote na rangi zake. Kuna mmoja akauliza kama inaondoa makunyanzi. Nikamwambia wewe njoo tu, Ruthu atakushika uso akwambie ukweli, kwa sababu mwanangu hadanganyi mteja.

Mama Yotham alikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: Mama Ruthu, mwambie mtoto ajihadhari na yule mwanamke.

Namwelewa. Wifi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kwetu bibi harusi akiwa na mimba havai shela. Anafungishwa ndoa siku ya kazi, anapitia mlango wa pembeni, bila kwaya, bila maua. Mwaka juzi binti wa Mama Yotham shela ilikuwa imeshashonwa. Nani alimpeleka kupimwa? Paulina. Nani alisimama mbele ya akina mama akatangaza? Paulina huyo huyo, kavaa kilemba cheupe, anajipangusa machozi ambayo hayakuwepo. Binti wa watu alihamia Singida, mpaka leo hajarudi.

Kwa hiyo simpendi. Nimeandika. Simpendi, na si tangu jana.

Ila Penina nampenda. Wifi alipokwenda chuo alimleta kwangu Zuzu akiwa bado ananyonya, umri mmoja na Ruthu. Nikawanyonyesha wote wawili. Huku mmoja, huku mmoja. Mpaka leo ananiita Mama Zuzu, na mama yake akisikia anakunja uso.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu! Au niseme hasira. Sijui.

Tulifika Kisasa mapema. Kwa kuwa leo ni Idi mji ulikuwa umetulia. Nyumba ya Wifi imejaa wanawake, matroni, wapambe, na mke wa mchungaji mwenyewe. Ruthu akapewa chumba cha Penina. Mimi nikakaa nje mlangoni na kiti changu, naingiza mmoja mmoja. Nilijisikia kama karani wa mahakama.

Kazi ilikwenda, ikaenda vizuri! Wa kwanza yule mnene wa benki, uso unang'aa mafuta kama andazi – zambarau. Akatoka anajishika mashavu anasema jamani mbona laini. Wa pili mkavu, akatoka anacheka kwamba alishika taa mkononi. Wa tatu ana ngozi ya kuwashwa, Ruthu akampa ule wa chungwa dakika chache akamwambia basi dada yangu, ukizidisha utaniletea kesi. Kila aliyetoka nilimtangazia sebuleni aina ya ngozi yake. Mmoja hakufurahi kuitwa mafuta. Shauri yake!

Wa mwisho Penina. Aliingia. Mlango ukafungwa. Nikasubiri kusikia ule mlio. Kimya. Nikasikia wanaongea chini chini. Halafu Ruthu akatoka, mashine imeshafungwa kwenye sanduku lake!

Akasema: shangazi, Penina sitamfanya kwa mashine. Nimemkanda kwa mkono, inatosha.

Wifi akasema inatosha vipi. Ruthu akasema ngozi yake haikubali kwa sasa.

Wifi akamvuta Penina kwenye mwanga wa dirisha mbele ya watu wote, kamshika kidevu kama anayenunua mbuzi. Akasema: tazameni! Chunusi hizi hapa, mafuta haya hapa. Yule wa benki ana uso kama huu, umemfanya. Huyu bibi harusi mwenyewe ndiye haikubali?

Na kusema kweli – hapo hata mimi nilichanganyikiwa. Uso wa Penina ni wa mafuta mtupu. Uso wa zambarau ule! Mashine ilitengenezwa kwa ajili ya uso kama ule.

Ruthu akajibu: nisamehe shangazi. Basi. Anarudia hilo hilo. Nisamehe shangazi.

Wifi akacheka kile kicheko chake cha puani. Akasema anaelewa. Wapo mabinti wakiona mwenzao anaolewa na mwalimu wa chuo, na wao umri unakwenda, roho inawauma. Akasema: ulitaka mwanangu aende madhabahuni na chunusi, si ndiyo?

Nilisimama. Nilisema Paulina, chunga mdomo wako. Nilimwita jina lake tupu mbele ya mke wa mchungaji. Ruthu akanishika mkono akanitoa nje, na kwa vidole vyake vile vinavyojua kukanda alinibana mpaka nikanyamaza.

Penina alikuwa amesimama pale pale kwenye mwanga. Hata hakumtetea mwenzake! Nilimwangalia, akaangalia chini.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Minong'ono. Mmoja kaniambia kwa upole, ule upole wenye sumu: pole Mama Ruthu, nasikia ile mashine ilikufa.

Haikufa!

Ebenezer, bwana harusi, alikuja kunisalimia. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Alitaka kusema kitu, akaona Wifi anakuja, akaondoka. Hawa vijana wa siku hizi waoga.

Jumatatu, 9 Juni

Nimegombana na Ruthu.

Nimemwambia nipe sababu, nikafunge midomo ya watu. Akasema mama, mteja akijibu maswali yangu, jibu ni lake. Nikasema mimi si mtu, mimi mama yako. Akasema ndiyo maana.

Ndiyo maana nini? Akasema: mama, wewe kwenye mashine ya kusaga ulitangaza mirija yangu mpaka ya akiba.

Imeniuma. Mimi najivunia yeye, yeye ananiona redio. Nimemwambia sawa, kaa na siri zako, na fremu yako ikiwa tupu usinililie. Nimeondoka bila kunywa chai.

Wateja wawili hawakuja leo. Niliona mwenyewe, alikuwa anafuta mirija iliyokwisha kufutwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimejua.

Niandike taratibu. Nilikwenda Kisasa kuchambua mchele wa sendofu, maana hata nikimchukia Wifi mimi ni mke wa mjomba wa bibi harusi, nisipoonekana watasema. Tulikaa uani. Wifi kanipa gunia lenye mawe kuliko mchele, makusudi. Mtu mmoja akaleta samaki wa kukaanga. Penina alikuwa anapita, akaziba pua, akakimbilia chooni. Nikasikia bomba linafunguliwa kwa nguvu, lile la kuficha sauti nyingine. Nami nimezaa.

Aliporudi alikaa kando yangu. Ndani ya mfuko wa gauni ana kipande cha udongo, ule wa kutafuna, anavunja kidogo kidogo anaweka ulimini. Aliponiona nimeona, akaufunika.

Hapo nikarudi kwenye benchi la saluni, kichwani. Hereni – angevua. Spiriti – angeosha. Moyo – mzima, alikuwa anakimbia mbio za shule. Kifafa – hana, nimemlea mimi. Likabaki moja.

Ndiyo sababu Ruthu hakumgusa! Aliwahi kuniambia, mama, kwa mwenye mimba hakuna anayejua vizuri umeme huu unafanya nini, na pale ambapo hakuna anayejua sipeleki mkono wangu. Na ndiyo sababu hasemi. Anatukanwa na shangazi yake, anaitwa mwenye kijicho, wateja wanakimbia, na kasimama kama nguzo.

Nitasema furaha niliyoipata? Ilikuwa kubwa. Nilitaka kuruka! Nilimwangalia Wifi pale anavyoamrisha watu na kijiti mdomoni nikasema moyoni: Paulina, umekwisha. Mwenyekiti! Mpima mabinti wa watu! Niliyapanga maneno yote, ya kuanza na ya kumaliza. Nilipanga hata mahali pa kusimama kanisani, na nguo.

Kisha Penina akaniambia, kwa sauti ndogo, bila kunitazama: Mama Zuzu, shela imeshaletwa. Unataka kuiona?

Nikaenda nikaiona. Imetundikwa kabatini, ndefu. Aliigusa kwa kidole kimoja tu. Nikamwambia nzuri. Nilirudi kwenye mchele wangu.

Mtoto akizaliwa watakaa wahesabu kwa vidole. Wahesabu! Penina atakuwa keshavaa shela yake.

Basi sitasema, na si kwa ajili ya Paulina. Paulina ningemvua hata kilemba.

Alhamisi, 12 Juni

Kikao. Wifi aliitisha ukoo, eti maneno yamalizwe kabla ya sendofu. Mzee Bartolomayo, mkubwa wetu, ndiye aliyeongoza. Baba Ruthu alikaa karibu na mlango kama mgeni. Huyu mume wangu mbele ya dada yake hana mifupa.

Ruthu akaitwa katikati. Mzee akasema kwa upole, binti, eleza kwa nini ulimpita mwenzio. Ruthu akapiga magoti akasema: babu, sina cha kueleza. Kama nimemkosea shangazi naomba msamaha.

Wifi akasema sitaki samahani ya jumla, nataka sababu. Kama ni ngozi, ngozi gani? Si umesoma? Taja!

Ruthu akainamisha uso.

Wifi akawageukia watu. Akasema mnaona, hakuna elimu hapo, cheti cha kununua. Kisanduku cha kutisha watoto. Akasema na mama yake anazunguka Zuzu nzima anakitangaza kama dawa ya mganga.

Jamani! Neno lilikuwa limefika hapa, kwenye meno. Nililisikia ladha yake. Niligeuka kumtazama Penina, kasimama kwenye korido na sinia la vikombe, na vikombe vinagongana. Kila mtu alidhani ni uchovu wa harusi.

Nikasema: ongeza sukari kwenye hii chai. Ndilo nililosema. Watu wakanishangaa. Baba Ruthu alinitazama kama nina homa.

Hukumu: Ruthu asikanyage sendofu. Mtoto wa mjomba asikanyage! Na Wifi akatangaza kwamba kesho asubuhi anakuja mtaalamu wa kweli, anaitwa Salwa, wa mtaa wa Uhindini, ana mashine kubwa kuliko ile, atamfanya Penina pale sebuleni, watu wote waone kwamba ngozi ya mwanawe haina tatizo.

Ruthu alinyanyua uso hapo. Mara ya kwanza. Akasema shangazi, tafadhali, msimfanye. Wifi akasema toka.

Njiani hakulia. Alisema tu, huyo Salwa namfahamu, ni mzuri, atamuuliza. Akarudia: atamuuliza. Kama anayejituliza.

Nami nilikuwa nawaza: atamuuliza mbele ya nani?

Ijumaa, 13 Juni

Naandika haraka, chumbani, mlango nimefunga.

Nilikwenda. Mimi sijakatazwa. Sebule imejaa, viti vimepangwa kama kwenye kibanda cha video, matroni, wapambe, mke wa mchungaji kakaa mbele kabisa. Penina kawekwa kwenye kiti katikati, nywele zimefungwa taulo. Salwa ni binti mpole, buibui lake safi, vifaa safi, sina baya la kumsema. Ukweli mashine yake ni kubwa. Mirija yake mingi. Lakini Ruthu anaipanga vizuri zaidi.

Akamuosha, akamkausha. Akasema ngozi ya mafuta hii, inafaa sana. Wifi akatazama watu wote mmoja mmoja. Kisha Salwa akaanza: hereni? Zikavuliwa. Umepaka chochote chenye spiriti? Hapana. Moyo? Wifi akadakia, binti yangu mzima, washa, watu wana shughuli. Salwa akasema samahani Bi mkubwa, naomba ajibu mwenyewe. Kifafa? Hapana. Una ujauzito?

Wifi akasema we binti, unajua uko nyumba ya nani? Salwa akasema namuuliza kila mtu, mama, hata dada yangu namuuliza.

Mke wa mchungaji akainamisha kichwa pembeni hivi, kusikia vizuri.

Penina akasema hapana.

Alisema kwa sauti ya mtoto. Vidole vyake vimeshika kiti, kucha nyeupe. Salwa akamtazama kidogo zaidi, lakini afanye nini? Kaambiwa hapana. Akageuza kitufe. Mrija ukawaka. Ukaanza kushuka kwenye lile paji la uso nililoliosha mimi kwenye beseni.

Sikupanga. Haki ya Mungu sikupanga.

Nilisema: MSIMGUSE!

Wote wakageuka. Salwa akauondoa mkono. Wifi akasema haya tena, nini? Na kila jicho likawa kwangu, na mimi sina cha kusema isipokuwa ule ukweli. Ulikuwa tayari. Ungetoka wenyewe. Na Paulina angeanguka pale pale kwenye zulia lake, na Ruthu angeinuka, mji mzima ungejua mwanangu ni nani!

Nikasema: zinaunguza. Mashine hizi zinaunguza.

Nikasema ya mwanangu iliniunguza mimi. Nikapandisha mkono wa blauzi nikawaonyesha kovu, lile la mafuta ya maandazi ya mwaka jana. Nikasema tazameni. Nikasema Ruthu alijua, ndiyo maana Jumamosi alimkwepa Penina, aliogopa kumharibu, akaona haya kusema. Nikasema hajui kuitumia vizuri. Alisoma haraka haraka. Mimi nilisema hivyo! Kwa mdomo huu!

Salwa alilitazama kovu. Anajua ngozi, yule. Aliona si la umeme. Akanitazama machoni, halafu akamtazama Penina, halafu akazima mashine, akachomoa waya, akauzungusha polepole mkononi. Akasema: bibi harusi akiwa na hofu mimi siendelei, tutatumia mvuke na mikono.

Penina akasema ndiyo, naogopa, sitaki. Akaanza kulia. Wakamfariji, wakasema maskini, kamtisha.

Na Wifi! Wifi hakukasirika hata kidogo. Alipiga makofi. Mmesikia? Mama yake mwenyewe! Mama aliyekizaa kisanduku! Nilisema mimi, nilisema! Akanikumbatia. Alinikumbatia mbele ya watu akasema wifi, leo umekuwa mtu mkweli. Harufu ya marashi yake iko kwenye blauzi yangu mpaka sasa, nimeivua nimeitupa pembeni.

Nimetembea mpaka barabarani nikapanda bodaboda. Nilipofika Zuzu habari ilikuwa imeshafika. Wana simu zao. Yule aliyeuliza makunyanzi kanitumia ujumbe: ahsante kwa kutuokoa mama. Baba Ruthu kaniangalia, akachukua jembe, akaenda kwenye shamba la zabibu saa ambayo haendi mtu kwenye zabibu.

Mwenye fremu kampigia Ruthu mchana. Nimeambiwa na jirani yake. Anataka waongee.

Na sasa Ruthu yuko hapa. Kaja na mashine, nimeona kupitia dirisha, kaibeba kifuani kama mtoto mgonjwa. Kaiweka mezani sebuleni. Nilikimbilia huku. Amegonga. Amesema: mama, shikamoo. Nimesema marahaba, navaa. Uongo, nimevaa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Ningejua kugombana.

Amesema kupitia mlango, taratibu: mama, sijaja kugombana. Lile kovu la maandazi nalijua. Niambie tu nani alikuambia.

Nimeshika kitasa, sijakigeuza.

Amesema: ni Penina?

Hapana, si Penina. Si mtu. Mimi mwenyewe, kwa akili yangu, kwenye benchi lako, kwa maswali yako! Natamani kumpigia kelele hivyo.

Halafu sauti yake imebadilika, imekuwa ya hofu, ile ya utotoni akisikia fisi. Amesema: mama, umemwambia nani mwingine? Niambie ukweli. Mama Yotham? Watu wa mashine ya kusaga? Ni nani uliyemwambia, mama, ndoa ni wiki ijayo.

Sijamwambia mtu. Hata mmoja! Hata baba yake. Mimi!

Ananisihi nifungue. Nikimwambia sijasema, ataniamini? Mimi nisingejiamini.

Amekaa chini. Nasikia mgongo wake umeegemea mlango. Naweka kalamu, nimfungulie.